Kichwa cha Karani

Februari. Theluji imefika magotini,
na taa nyekundu za njia panda za Akureyri
zinawaka kwa umbo la moyo, kama kawaida yake.
Watu kumi na tisa katika ukumbi wa maktaba,
makoti yakichuruzika migongoni mwa viti,
kahawa kwenye chupa, maandazi ya kusokotwa kwenye sinia.
Mimi ni mwendesha mashine ya picha.
Sigurveig alisimama, akakohoa, akasema:
"Leo Bulgaria. Kichekesho cha siasa.
Msiogope majina marefu."

Basi. Waziri ana tumbo, na mkasi wa kukatia utepe.
Kijijini pana bomba jipya linalong'aa kama jino la dhahabu,
na wakaguzi watatu wametoka Brussels na kalamu zao
kuuliza kama maji yanatoka.
Waziri anajibu kwa hotuba. Jasho linamtiririka.
Wanamgeukia Penko, karani mwembamba,
koti lake limempwaya kama la kurithi.
Maji yanatoka?
Penko hasemi neno.
Anainamisha kichwa, anakiinua, anakiinamisha tena,
polepole, kama mtu anayepima kina cha kisima.
Wakaguzi wanaandika: Ndiyo.

Hjalti, daktari wa meno, alinong'ona: "Kibaraka."
Nami nilimdharau yule karani,
na shingo yake laini, shingo ya kufuata upepo.
Ukumbi ulipoa kama sanduku la samaki.

Ila safu ya nyuma, karibu na kabati la ramani,
Tsvetanka, anayekata minofu kiwandani,
alikuwa hoi.
Si kicheko cha adabu. Kile cha kushika mbavu,
cha kutafuta leso na kuipita mara mbili mfukoni.
Tukageuka kumtazama.
Akatuona tulivyogeuka, akazidi.

Shule ina paa? Penko akainamisha.
Fedha zilifika? Akainamisha mara tatu
mpaka miwani ikamdondoka.
Nasi kila mara tukamwandika mwoga
katika madaftari yetu ya kichwani.

Ilipokwisha, Sigurveig alimfuata mlangoni:
"Umeipenda?"
Tsvetanka akatikisa kichwa, kushoto, kulia,
macho bado yamelowa.
Sigurveig alisikitika. Akaniambia
mwezi ujao tutafute ya Kidenmaki.

Siku ya nne nilimkuta dukani, kwenye foleni.
Nikamuuliza ni nini kilichomchekesha vile.
"Kwetu," akasema, "hivi," akainamisha kichwa, "ni hapana."

Nilisimama na katoni ya maziwa mkononi.
Filamu nzima ikajirudisha nyuma ndani yangu,
ikaanza upya:
mtu mwembamba, waziri wake ubavuni,
anasema hapana, hapana, hapana,
mchana kweupe,
na wenye kalamu wanaandika ndiyo.
Kila neno lilikuwa limetafsiriwa chini ya picha
kwa herufi nyeupe, bila kosa hata moja.
Shingo haikuandikiwa kitu.
Na wakaguzi, kumbe, hawakuwa watatu.
Hesabu vizuri: ishirini na mmoja,
kumi na wanane kati yao wakitafuna maandazi.

"Usijali," akasema. "Hata ninyi.
Mwaka wangu wa kwanza nilidhani mji mzima una pumu.
Namuuliza msimamizi kama zamu imekwisha,
anaivuta 'ndiyo' yake ndani, hh!,
kama mtu aliyedungwa sindano.
Nilikimbia nikamletea maji."

Hapo ndipo nilipocheka,
siku nne baada ya wakati wake,
kicheko kilichopoa, lakini changu.

"Kwa hiyo uliipenda?"
Akatikisa kichwa, kushoto, kulia, kwa nguvu.
"Tuilete tena?" akauliza yeye.
Nikavuta pumzi ndani, hh!

Kijana wa kupokea pesa aliacha kuhesabu chenji,
akatuangalia mmoja mmoja,
akauliza kama kuna tatizo.